Mgeni Uliyemchora Kwenye Mifuko ya Simenti

Mwanangu Kokuhirwa,

Marahaba. Najua shikamoo yako imeshatangulia kabla hujaikunjua karatasi hii, kwa hiyo naitikia kwanza ndipo tuongee.

Jibu lako limechelewa. Denisi alipopita hapa Songambele akielekea Kayanga aliniachia barua yako. Alisimama kule njiani, kama mkwe mwenye adabu, hakusogea hata kibarazani, akasema bila kuniangalia usoni, "Mama, nitarudi kuchukua jibu." Nikamwambia atalikuta tayari. Tangu siku hiyo naandika vipande vipande. Nikimaliza mistari michache mkono unakufa ganzi, natoka kwenda kugeuza kahawa uani, nikirudi nimesahau nilitaka kusema nini. Ukiona mwandiko unapanda na kushuka usidhani nimekunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi. Mimi nimesoma darasa la nne, la wakati ule wa fimbo, na hapa kitongojini bado watu wananiletea barua zao niwasomee.

Swali lako nimelielewa. Niache kibanja, hili shamba letu la migomba, nihamie kwenu ng'ambo ya mto, au nibaki hapa peke yangu. Umesema mmenijengea kijumba changu chenye mlango wake na jiko lake, ili nisilale chini ya paa la mkwe, watu wasije wakapata la kusema. Hapo umenifurahisha. Nilimsomea jirani yangu Ma Leokadia mstari huo, nikamwambia, "Unaona mtoto niliyemzaa? Anajua heshima bila kukumbushwa." Akanijibu, "Tumesikia waitu, tangu azaliwe tunasikia. Endelea kusoma."

Barua hii sikuigundisha. Zako zote husomwa uani kwangu kila mtu akisikia, sasa yangu nikufungie kwa nini? Atakayeibeba akitaka kusoma asome.

Juzi nilikuwa namenya ndizi peke yangu, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba iliyo karibu na jiko, nikajikuta namkumbuka yule mgeni wako. Siku hizi nimechoka, na nikichoka ya zamani yanakuja yenyewe, yanakaa karibu na mimi kama paka. Sikuyafukuza. Niliendelea kumenya na kukumbuka mpaka nikamenya ndizi za watu sita, na mimi nakula mmoja.

Unakumbuka ilivyoanza? Ulikuwa sekondari, msichana wa kwanza wa kitongoji chetu kulala bweni, na sikuacha mtu asiyelijua hilo. Kule shuleni mlikuwa mnapokezana magazeti ya hadithi za picha, za kutisha, zinazokuja sehemu kwa sehemu, kila sehemu inakatikia pale mtu anaposhika kitasa cha mlango. Ulikuja likizo bila gazeti hata moja, ukawa unazunguka uani kama kuku aliyekosa pa kutagia. Wakati huo walikuwa wanajenga madarasa, na baba yako alikuwa ameomba mifuko mitupu ya simenti ya kuanikia kahawa. Ukaichukua. Ulibandua tabaka la ndani, lile safi, ukalikata vipande vilivyolingana, ukachora kwa mkaa, na palipotakiwa damu ukapaka udongo mwekundu. Baba yako akaniuliza, "Huyu ndiye tunamlipia karo?" Nikamwambia ndiye huyu, na atamchorea na yeye picha akitaka.

Hadithi uliiita Hodi Kwenye Ukungu. Jumapili baada ya kanisa wanawake walikuja uani kwetu, kila mmoja na ndizi zake na kisu chake, tukakaa kwenye majani. Wewe ukatundika picha ya kwanza kwenye kamba ya nguo. Nyumba ya mwisho kijijini, migomba imeizunguka, ukungu umeshuka kutoka mlimani, njia haionekani. Chini ya picha hiyo ukatundika sura za watu wa nyumba ile, ndogondogo, umezikata moja moja: baba, mama, bibi, mjomba na watoto watatu. Halafu ukatuonyesha mgeni. Mwanamke amechorwa kwa nyuma tu. Kitenge kimelowa, miguu peku imejaa tope. Ukungu ukishuka anafika mlangoni anabisha hodi. Atakayemwitikia, kesho yake hayupo, na jembe lake linakutwa katikati ya kibanja, mpini umezama ardhini, bapa la chuma liko juu.

Wewe ulikuwa unasoma Kiswahili chako cha shule na mimi nafasiri kwa Kinyambo kwa ajili ya bibi yako na wengine wasiokifuata. Na mimi ndiye niliyekuwa sauti ya mgeni. Usisahau hilo ukiwasimulia wanafunzi wako. Ulinituma nyuma ya migomba, nikaianza ile hodi chini kabisa tumboni, nikaivuta polepole kama mtu anayetoka kisimani. Watoto walikimbilia jikoni. Ma Leokadia alijikata kidole. Nimeimba kwaya miaka mingi lakini sijawahi kusikilizwa namna ile.

Kisha ukatugeukia. Chini ya ungo ulikuwa umeficha karatasi mbili, kila moja na njia yake. Ukauliza, "Mnafanyaje? Wamkaribishe, au wanyamaze?"

"Karibu," wakasema wote, hata hawakufikiri.

Ukafunua karatasi. Mjomba hayupo, jembe limesimama. Ukaing'oa sura yake kwenye kamba ukaiweka chini. Tukapiga kelele, tukahuzunika, tukaenda nyumbani kupika. Jumapili iliyofuata mgeni akarudi, nikatoa hodi yangu, ukauliza tena. Wakaribishe, au wanyamaze?

"Karibu," akasema Ma Leokadia.

"Ma Leokadia, wiki iliyopita umeona mwenyewe. Ukimwitikia anakuua."

"Nimeona."

"Basi nyamaza."

"Mtu amesimama mlangoni kwangu, amelowa, amebisha hodi, halafu mimi niko ndani nakodoa macho kama panya? Afadhali aniue. Angalau watasema alikuta nyumba ina watu."

"Na apewe kahawa," akasema bibi yako kutoka kwenye mkeka wake. "Hamjampa kahawa. Ndiyo maana ana hasira."

Ukaniangalia mimi, eti nikusaidie. Ningekusaidiaje? Mimi mwenyewe, nikiwa kule nyuma ya migomba, nilikuwa naitikia karibu kimoyomoyo. Tangu tukiwa wadogo tumefundishwa kuwa mgeni akifika anapewa pa kukaa, anapewa kahawa za kutafuna kwenye kikapu, ndipo unamuuliza habari. Hiyo ya kunyamaza uliitoa kwenye magazeti yenu.

Likizo ile wakaisha karibu wote. Kila Jumapili mgeni anakuja, wanawake wanamkaribisha, wewe unang'oa sura. Kwenye kamba akabaki bibi peke yake, anapepea na upepo. Ndipo ukavunjika moyo. Ulikusanya karatasi zako kwa hasira ukasema, "Hamjui kucheza. Njia ya kunyamaza nimeichora wiki nzima, ina picha nzuri kuliko zote, hakuna aliyeigusa."

Ma Leokadia akafuta kisu chake kwenye kanga. "Pita wewe na shule yako. Sisi tumeshakufa, tunakwenda kupika."

Ukaenda kulia jikoni. Mimi nilitaka kukufuata ila baba yako, aliyekuwa akichambua kahawa upande wa pili wa uani akijifanya hasikii mambo ya wanawake, akatangulia kusema. Alisema bila kuinua kichwa, "Hao hawatanyamaza hata ukiwachinja kwelikweli. Lakini mgeni amekaribishwa mara zote hizo, na hakuna aliyemuuliza amefuata nini. Amefuata nini?"

Ukatoka jikoni na kamasi puani. "Sijui, Tata. Sikumfikiria hivyo."

"Basi mfikirie."

Hayo tu. Akaendelea na kahawa yake. Nakuambia ukweli, mimi niliolewa na mtu mwenye akili, ila alikuwa anazitumia kidogo kidogo kama chumvi.

Ulirudi shuleni, na muhula mzima sikuwa na amani. Kisimani, gulioni, mlangoni pa kanisa, wananiuliza, "Mama Kokuhirwa, shule inafungwa lini?" Najibu kwa maringo kwamba mambo ya shule ya mwanangu yana ratiba yake. Nilikuwa sijui lolote. Hata hivyo nilitembea kama mtu anayejua.

Ukafika likizo na rundo jipya. Umewarudisha wote kwenye kamba, mpaka mjomba. Ukasema tuanze upya, na safari hii mgeni akikaribishwa ataingia. Nikabisha hodi. Wakaitikia karibu kwa nguvu kama waliokuwa wameifungia kifuani muhula mzima. Ukafunua picha: mgeni ameketi ndani, bado ametupa mgongo, kikapu cha kahawa kiko mbele yake. Bibi yako akasema, "Sawa sasa." Ukaninong'oneza maneno ya kusema. Nikawaacha wangoje kwanza, ndipo nikasema, "Nani analima juu yangu?"

Hakuna aliyemenya. Nilisikia nzi.

Ndivyo ile hadithi ilivyogeuka kuwa ya kutafuta mkosaji. Mgeni alikuwa msafiri, alifia njiani, wenyeji wakamzika kando ya mpaka wa kibanja kile, palipopandwa ile miti ya mpaka. Baadaye mtu akaing'oa miti kwa siri akaisogeza mbele, shamba likaongezeka, kaburi likawa ndani ya kibanja, na majembe yakaanza kumpita juu. Ni nani aliyesogeza? Kila Jumapili ukawa unatuuliza tumhoji nani, tuchimbe wapi, tumfuate nani kisimani. Hapo wanawake wakaonyesha akili zao. Walijua maswali ya kumuuliza mtu anayeficha mpaka, maana nani hapa kwetu hajawahi kugombana kwa ajili ya mpaka?

Ta Gerevazi, mume wa Ma Leokadia, alikuja Jumapili moja na fimbo yake. Akasimama nyuma yetu, akatazama sura ya mjomba kwa muda mrefu.

"Nasikia huku nimehamisha mpaka na kuua watu," akasema.

"Si wewe, Ta Gerevazi," ukamwambia. "Huyu ni mjomba tu."

"Mjomba ana pengo langu."

Mkewe alicheka mpaka akalala kwenye majani. Ukachukua mkaa ukamjazia mjomba jino. Ta Gerevazi akainama kukagua, akaridhika, akaketi, na tangu siku hiyo hakukosa hata Jumapili moja. Alikuwa wa kwanza kumtetea mjomba.

Mwishowe ikajulikana ni bibi wa nyumba ile. Yule yule aliyependwa na wote, anayetoa kikapu cha kahawa. Alifiwa na mume akiwa na watoto wadogo, kibanja hakikuwatosha, akasogeza miti kidogo kila msimu wa mvua. Mimi nilijua kitambo kuwa ni yeye, ila sikutaka kuwaharibia. Ma Leokadia alinisikia nikisema hivyo akaniuliza, "Ulijua nini, wewe uliyeapa ni mjomba mpaka jana?" Mwambie mtu huyo kuwa kuapa na kujua ni vitu viwili.

Siku ile uliuliza swali la mwisho. Mgeni ameketi, anangoja. Wamtaje bibi, au wanyamaze? Na wale wale waliokataa kunyamaza kwa mvua na kwa kifo, sasa wote wakataka kunyamaza. Ma Leokadia alisema atamwambia mgeni kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyesogeza. Wengine wakasema mgeni aambiwe aliyesogeza ni mzungu. Ukawa na karatasi zako mbili chini ya ungo, unangoja, umechanganyikiwa, kwa sababu ulidhani hapo ndipo watakapomtaja kwa haraka.

Bibi yako alikuwa akimenya ndizi moja tangu tulipoanza. Mama wa baba yako, Mungu amweke pema, alifiwa na mume akiwa na watoto wadogo, unajua. Hakuuliza njia zako mbili ni zipi. Akasema, "Rudisheni miti ilipokuwa. Wote wa nyumba ile washike majembe wairudishe. Kibanja kitapungua, kipungue. Na bibi mwacheni alale, na yeye amechoka."

Hukuwa na karatasi ya hilo. Nilikuona ukiangalia ungo, kisha ukaangalia rundo lako, kisha ukachukua kipande kitupu na mkaa, ukapiga magoti mbele yake, ukaanza kuchora pale pale tukitazama. Uliwachora wakihamisha miti ya mpaka, hata watoto. Halafu ukamgeuza mgeni. Kwa mara ya kwanza tukamwona uso. Tulikuwa tumejiandaa kukimbia, watoto walishasimama. Hakuwa na kitu cha kutisha. Alikuwa mwanamke wa kawaida, macho yameingia ndani kwa uchovu, kama wanawake wanaoshuka kwenye gari la kutoka mbali. Ma Leokadia akasema taratibu, "Kumbe." Tukachukua ndizi zetu.

Baadaye ukamaliza shule, akaja Denisi, mtoto wa watu waliovuka mto zamani wakalima hapa na kuzika hapa. Nilimkubali kabla baba yako hajakubali. Na vita vya kule vilipokwisha wazazi wake wakataka kurudi kwao, mkaenda nao na ng'ombe, ukiwa na mimba. Sikulia mbele yako. Niliwaambia watu kuwa mwanangu amekwenda kufundisha, maana ni kweli unafundisha, na kwamba ubao wako darasani una picha ambazo hata mkaguzi alisimama kuzitazama. Hilo la mkaguzi uliliandika mwenyewe, sikuongeza kitu. Labda niliongeza wakaguzi wakawa wawili.

Baba yako alipotutoka ulikuja, tukamlaza nyuma ya nyumba, chini ya migomba aliyoipanda mwenyewe. Uliponiuliza kama nitaweza peke yangu nilikujibu, mbele ya waombolezaji, kuwa mimi sijawahi kushindwa na kibanja. Walinisifu. Ma Leokadia alinifunga kanga upya kiunoni kwa furaha.

Sasa nikueleze hali ilivyo. Safari hii hakuna ungo, na hakuna aliye hodari wa kuchora njia ya tatu.

Kibanja bado kizuri. Apitaye njiani anasema, hapa kuna mtu. Mikungu inaegemezwa, majani makavu yanaondolewa, kahawa inachumwa ikiwa nyekundu, sio kama ya watu wengine wanaochanganya na mbichi. Lakini kazi niliyokuwa namaliza asubuhi sasa inanichukua siku nzima, na kesho yake nakaa kitako. Nikilala mgongo unalia. Nikiamka naukuta bado haujanyamaza. Maji naletewa na wajukuu wa Ma Leokadia, nami nawaambia wazazi wao kuwa nawafundisha kazi.

Baba yako mdogo Anselimu anapita kila baada ya siku chache. Si mtu mbaya. Anasimama mpakani, anatazama migomba kama mtu anayetazama ng'ombe atakayemrithi, anasema, "Shemeji, usijitese. Nikuletee vijana wakupalilie?" Namwambia vijana wake wakapalilie kwa mama yao. Najua kuwa nikiondoka kibanja kinarudi kwa ukoo, ndiyo desturi, nami sikuzaa mtoto wa kiume wa kukizuia. Nilizaa wewe, na wewe ulinitosha. Watu walinihurumia kwa kuzaa mmoja, nikawaambia wangoje waone huyo mmoja. Wameona.

Mwezi uliopita nilianguka. Nilikuwa nimekata mkungu, mdogo tu, nikaubeba kichwani kama nilivyobeba maisha yangu yote, goti likaniacha. Sikuvunjika. Nilikaa chini kwenye majani nikashindwa kunyanyuka. Nilikaa pale jua likapanda, likasogea, kuku wakaja kuniangalia. Anselimu akapita njiani akaniita, "Shemeji, unafanya nini hapo chini?" Nikamwambia nang'oa magugu. Akasema, "Una bidii." Akaenda zake. Nilimsikiliza mpaka nyayo zake zikaisha ndipo nikaanza kutambaa kuelekea mgomba nijishike.

Hilo sijamwambia mtu. Denisi aliponiuliza hali yangu nilimjibu niko mzima kama jiwe. Kwa hiyo, mkwe wangu, kama unasoma hapa njiani, nisamehe, na usimsimulie mke wako kabla hajasoma mwenyewe.

Nilimuuliza Ma Leokadia ushauri bila kumwambia habari ya kuanguka. Nilisema kwa kujivuna, "Wananing'ang'ania kule. Wamejenga nyumba nzima. Mimi nawaza tu nani ataangalia kaburi la baba Kokuhirwa." Yeye macho yake sasa yana ukungu, anatambua watu kwa sauti. Akatafuna kahawa yake, kisha akasema, "Mama Kokuhirwa, mimi watoto wangu wanne wako Bweranyange, Kayanga na kwingine, na hakuna aliyeniuliza swali hilo. Ningeulizwa, sasa hivi ungekuwa unaongea na mkeka mtupu." Nilimsogezea kikapu bila kumbishia. Mara ya kwanza tangu tuolewe huku.

Nimekaa na neno lake. Kaburi la baba yako nilikuwa nalitumia kama sababu, na yeye mwenyewe angenicheka. Aliniambia akiumwa, "Usije ukakaa hapa unanilinda, sitakwenda popote." Nililiacha neno hilo lipite kwa sababu lilitolewa na mgonjwa. Desturi ya mkwe umeshaitatua kwa mlango wa peke yangu. Kibanja, mwanangu, nimekipenda, kimenilisha, kimekusomesha, na nimekuwa mtu kwa sababu yake. Lakini kila asubuhi nakiangalia na moyo unaanguka kwa wingi wa kazi ninazoziona. Zamani nilikuwa naona chakula.

Basi nakuja.

Nimeandika neno hilo nikaenda kukaa nje kwanza.

Sitaondoka kama mtu aliyefukuzwa na magugu. Kahawa iliyoko mtini naichuma, au tuseme naichumisha. Vijana wa Anselimu waje, nitawasimamia. Kisha nitawaita wazee wa ukoo, nitamkabidhi Anselimu kibanja kwa mdomo wangu, nikiwa nimesimama na nimevaa kile kitenge ulichonipa. Nitamwonyesha migomba ipi ni ya rubisi na ipi ni ya kupika, maana najua hajui. Nitamwambia mbele ya wote kuwa nyuma ya nyumba kaka yake amelala na panafagiliwa. Majirani nitawaambia kuwa mwanangu amenijengea, hilo nitalisema mara nyingi na hutanizuia. Huko kwenu nitakuwa naketi mlangoni kwangu, nitamfundisha mjukuu wangu Kinyambo, na akiwa na mkono wako wa kuchora nitajua mapema kuliko wewe. Kupika nitapika. Kulima sitaki kuulizwa mwaka wa kwanza.

Nina ombi moja na ndilo kubwa. Uje unichukue wewe mwenyewe. Najua una darasa, najua una mtoto, na njia ni ndefu kuzunguka mpaka palipo daraja. Omba ruhusa. Usimtume Denisi. Akija yeye atasimama njiani kwa adabu zake, atasema, "Mama, uko tayari?" nami nitajikaza, nitamwambia niko mzima, nitampa mkungu akupelekee, atarudi bila mimi. Hataweza kunibishia, mimi ni mama mkwe wake. Hata kunishika mkono kunipandisha kwenye gari hataweza. Wewe utaweza.

Na ukifika utanikuta nimeanza kupalilia, nimefunga kiuno, nakuelekeza pa kukaa, nakuambia nimefikiri upya na kwamba nakupa jibu lingine. Usilisikilize. Jibu langu ni hili, nimelitoa leo nikiwa nimechoka na sidanganyi. Ingia ndani, funga nguo zangu, unishike mkono tuondoke.

Wasalimie wote, umbusu mtoto mashavu yote mawili.

Anayekungoja,
mama yako uliyemtosha.